Aliyeachwa Shimoni

Watu husema kazi zangu zinaongea. Haziongei. Zingekuwa zinaongea, zingewatukana wale wanaosimama mbele yake wameshika videvu, na wangerudi kwao wakilia. Mimi hufuma mazulia ya ukutani. Nimefuma Nyoka wa Vichwa Saba. Nimefuma Ndege Aliyemeza Bahari. Nimefuma Jitu la Mguu Mmoja likicheza ngoma peke yake, kwa kuwa hakuna aliyekubali kucheza nalo. Hadithi zote hizo nilipewa na bibi, mzaa mama, na kama leo zinajulikana ni kwa mikono yangu, si kwa makaratasi ambayo Mtaalamu huyabandika pembeni ya kazi yangu kunieleza mimi nilitaka kusema nini.

Huyo Mtaalamu mtamsikia tena, kwa hiyo bora mmjue mapema. Ndiye msimamizi wa jumba la sanaa la mji wetu. Huvaa shali hata jua likiwa la kupasua mawe, na sidhani kama amewahi kutunga uzi kwenye sindano. Akiona uzi mwekundu anasema damu. Akiona mweusi anasema mauti. Siku moja aliponiuliza weusi wa yule nyoka una maana gani, nilimwambia ulikuwa umebaki mwingi stoo. Akaandika kwamba kwangu mimi "giza ni kile kinachobaki," na watu wakasoma wakatikisa vichwa.

Lakini Mtaalamu ni debe tupu tu, na debe tupu halimkeri mtu mpaka lipigwe. Aliyenikera maisha yangu yote ni mdogo wangu.

Tulizaliwa wawili. Yeye tulimwita Usingizi, jina alilopewa na bibi na likamganda. Asubuhi bibi alitukalisha kwenye benchi moja mbele ya kitanda cha kufumia, mimi upande wa kushoto, yeye wa kulia, tukafuma blanketi moja tukielekeana katikati. Hapo sina la kumlaumu, mkono alikuwa nao. Mchana, baada ya kula, jua lilipokuwa kali hata kuku wasitoke uvunguni, tulilala mkekani na bibi akakaa kwenye kigoda akisokota sufu na kutusimulia. Usingizi hakuwahi kufika mwisho wa hadithi hata moja. Nyoka akianza tu kuota kichwa cha tatu, yeye macho yamefumba, mdomo wazi. Bibi aliinama, akamtazama usoni, akasema, "Huyu keshaenda." Kisha aliinua pia yake ya kusokotea na kunimalizia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini.

Hivyo ndivyo nilivyopata urithi wangu. Wengine hurithi mashamba. Mimi nilirithi miisho ya hadithi, kwa kuwa nilikuwa macho.

Iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya Kamba ya Nywele. Zimwi liliwaiba watoto wawili wa kike, dada na mdogo wake, likawatia kwenye shimo refu ili liwanenepeshe mmoja baada ya mwingine. Mama yao alilipata lile shimo. Kamba hakuwa nayo, akanyoa nywele zake zote, akazisokota kamba, akaishusha. Dada mtu akapanda wa kwanza. Alipofika juu mama akamwambia, "Shika kamba, mvute mwenzako, mimi nakwenda kulinda njia." Dada akaita mara ya kwanza, kimya. Akaita mara ya pili, kimya. Mdogo mtu alikuwa amelala fofofo chini kule. Mara kamba ikawa nzito, kumbe Zimwi limetokea pangoni kwa chini na limeishika linapanda. Basi dada mtu akatoa kisu.

Hapo bibi alininyamazia ili nimalizie mimi. Nami nilifanya vidole mkasi, nikasema, "Kacha!" Nikacheka kwa raha. Bibi akafunga kwa methali, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, na Usingizi pembeni yangu hana habari.

Maisha nayo yakaenda vivyo hivyo. Nyumbani kulikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja. Nikaenda mimi chuo cha sanaa, yeye akaenda kujifunza kusuka nywele. Ana saluni yake, chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti vya plastiki, na siku nzima anasokotea watu nywele bandia zilizotengenezwa kiwandani huku redio inapiga kelele. Wakati mimi natundikwa kwenye majumba ya sanaa, kazi yake yeye inafumuliwa baada ya wiki chache na kutupwa jaani. Nilipokuwa nikimtembelea, nilikaa dakika chache, nikasema mafuta yananiumiza kichwa, nikaondoka.

Basi maktaba mpya ilipojengwa, wakaniomba zulia la ukuta mzima unaotazamana na mlango. Nilijua siku hiyohiyo nitafuma nini. Kamba ya Nywele sikuwa nimeigusa kamwe. Nilikuwa naiweka kama mtu anavyoweka nyama ya mwisho kwenye sahani. Nikachora mchoro kwa ukubwa wa kazi yenyewe: juu dada mtu na kisu chake, katikati Zimwi linapanda, chini kabisa yule mtoto amejikunja, macho yamefumba, mdomo wazi kidogo. Uso ule sikuhitaji kuutafuta popote. Nikatanda nyuzi za mtande kitandani, nikaanza.

Kisha mikono ikanisaliti. Asubuhi vidole vilikuwa vimekunjana kama vya kuku aliyechinjwa, na ilinibidi nivitie kwenye maji ya moto ili vikubali kushika kitana cha kushindilia. Daktari akasema baridi yabisi. "Mama, pumzisha mikono," akaniambia, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Nikamwuliza yeye akiambiwa apumzishe ulimi atakula wapi. Hakucheka. Akasema kidole gumba cha kulia kitahitaji kupasuliwa, na hata hivyo nisitegemee kufuma tena kama zamani.

Sikulia mbele yake. Nililia nyumbani, kwa hasira. Nyoka na ndege na majitu yangu sasa niliyaona yote ni mazoezi. Zulia nililolitaka maishani ni hili moja, na nilikuwa nimefuma giza la chini ya shimo tu, weusi mtupu usiozidi upana wa kiganja. Nisingelimaliza, ningekufa nikiitwa yule mama wa wanyama.

Nikatafuta mikono ya watu. Mtaalamu akaniletea wahitimu wa chuo, mmoja mmoja, wote na vyeti. Wasiojua kazi hii hudhani uzi ni uzi. Kumbe kila mfumi ana mkono wake. Mwenye mkono mzito hukaza mno na zulia linaingia kiuno, mwenye mkono mwepesi huacha uzi umelegea na zulia linavimba tumbo, na mahali mikono miwili isiyopatana inapokutana unaona mpaka kama kovu. Wa kwanza alikaza kama anafunga mbuzi. Wa pili alifuma kama anayeogopa kuuamsha uzi. Wa tatu alikaa kwenye benchi langu, akageuza shingo, akaniuliza nitampiga picha kutokea upande upi. Nikamwonyesha mlango, nikamwambia kutokea kule.

Mficha uchi hazai. Ulimwenguni kulikuwa na mkono mmoja tu uliolingana na wangu, nao ulikuwa unapaka watu mafuta ya nywele. Nikamtumia ujumbe wa neno moja: Njoo.

Akaja, kitana kimechomekwa kichwani, aproni ya saluni kiunoni.

"Nimekuja, dada. Unataka nini?"

"Nani kakwambia nataka kitu?"

Akaitazama mikono yangu, nami nikaificha chini ya kanga. Hakusema pole, nikashukuru. Akaketi kwenye benchi upande wa kulia, kama zamani, akapitisha uzi mara mbili tatu kwenye ule weusi wangu, akashindilia. Nikainama nikatafuta kovu. Halikuwepo. Hata leo nikikasirika sana siwezi kusema palikuwa na kovu.

"Utafuata mchoro," nikamwambia. "Usiongeze chumvi. Hii si nywele ya bi harusi."

"Sawa."

"Na redio hakuna."

"Sawa, dada."

Saluni akamwachia msaidizi wake akawa anakuja kila alipoweza, na hakuwahi kusema alichokosa kwa kuja kwangu. Mimi sikumwuliza. Alikaa akatazama mchoro niliouning'iniza nyuma ya mtande, uliokuwa ukionekana kati ya nyuzi, akafuma. Mimi nilikaa kiti cha pembeni nikamsimanga. Nilimwambia anashika uzi kama mkia wa panya. Nilimwambia kama si mimi kuwa macho, hadithi za bibi zingezikwa na bibi. Nilimwambia, "Unajua hata huyo unayemfuma ni nani? Huwezi kujua, ulikuwa unakoroma."

"Niambie basi," akasema, bila kugeuka.

Nikamweleza mwisho, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nikamweleza mpaka methali. Akanisikiliza, akasema, "Kumbe," akaendelea kushindilia.

Siku alipokuwa anaanza miguu ya yule mtoto, nikaitwa hospitali kwa kile kidole. Kikavimba baada ya kupasuliwa, wakanilaza, nikakaa huko nikigombana na wauguzi juu ya uji. Niliporudi na mkono kwenye bandeji, kazi ilikuwa imepanda. Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwenye kitanda changu, ukishafuma kipande, unakiviringisha kwenye mti wa chini ili upate nafasi ya kuendelea. Kilichoviringishwa hakifunuliwi. Ukikifunua mtande unalegea, na ukishalegea hauurudishi kamwe ulivyokuwa, kazi yote inapinda. Mfumi hufuma kwa imani. Anaona kipande cha leo tu, na zulia zima huliona siku ya kukata.

Yule mtoto alikuwa ameshaviringishwa. Mbele yangu palikuwa na bega la Zimwi.

"Mtoto umemfuma?"

"Nimemfuma."

"Kama nilivyochora?"

"Mchoro si uko hapo mbele yangu kila siku?"

Nikaliona ni jibu. Sikumdhania kuwa na akili ya kujibu vingine.

Miezi ikaenda. Nitasema na hili, maana mtu akinyimwa haki yake hata na adui si vizuri. Tulipofika kwenye kamba akasimamisha kazi akauliza, "Hii si nywele? Mbona umeichora kama bomba?" Akachukua sufu ya kahawia, akaisuka mafungu matatu kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa macho, akainyoosha juu ya mtande. Ilikuwa nywele. Ungetaka kuipaka mafuta. Nikamwambia, "Weka," kisha nikamwambia asivimbe kichwa, hata saa hiyo wapo watoto wa shule wanaosukana hivyo uani.

Siku ya kukata Mtaalamu akaja na shali yake, na watu wa maktaba, na mpiga picha, na wanawake wawili ambao kazi yao sikuielewa ila walisema "aisee" kila walipogusa kitu. Karakana yangu ikajaa manukato. Usingizi akasimama karibu na ukuta na aproni yake. Mmoja wa wale wanawake akamkabidhi glasi tupu, akaipokea, akaiweka dirishani.

Kukata nilikata mwenyewe. Kwa mikono miwili kwenye mkasi mmoja niliweza. Nyuzi za mtande zikalia moja moja, zulia likalegea, wanaume wakaliviringua, wakalifunga kwenye boriti na kulivuta juu taratibu. Kwanza kikapanda kisu. Kisha mkono wa dada mtu, na uso wake unaofanana na wangu nikiwa msichana. Kisha ile kamba, watu wakaguna. Kisha Zimwi, mgongo wake wote wa rangi ya moshi. Mwisho shimo, na mtoto.

Alikuwa amejikunja kama nilivyomchora. Magoti palepale, mkono chini ya shavu palepale, mdomo wazi kidogo. Mjinga yeyote angeapa mchoro umefuatwa uzi kwa uzi. Ila macho yalikuwa wazi. Meupe, makavu, yanatazama juu moja kwa moja, yakipita kwenye Zimwi na kamba na kisu mpaka kwenye uso wa dada mtu.

Nikamwendea pale ukutani. Nilitaka kupiga kelele, lakini mbele ya manukato yale nikanong'ona.

"Nini hiki? Mchoro unaonyesha amefumba."

"Sikuwa nimelala, dada."

"Nani kakuuliza wewe? Nasema huyu."

"Na mimi nasema huyu." Alisema kama anayemwambia mteja bei. "Bibi alikuwa hamalizii mpaka aone nimefumba. Nikifumbua anaacha, anasema hadithi hii ndefu, tutaimaliza kesho. Basi nikawa nafumba. Nilizisikia zote."

"Hii pia?"

"Hii zaidi. Kila alipoisimulia nilikuwa nangoja labda leo dada mtu ataita mara ya tatu. Halafu nasikia wewe unasema kacha. Unacheka."

Nikatazama mikono yake, mikubwa, ncha za vidole zimekauka kwa dawa za nywele.

"Unataka nifumue?" akauliza. "Ni kazi ya mchana mmoja. Sema tu."

Kabla sijasema, Mtaalamu akapaza sauti. Alikuwa amesimama mbele ya zulia, shali imemwanguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa ameshika kidevu.

"Lakini katika maelezo yako mtoto amelala," akasema. "Haya macho! Nani aliwaza haya macho?"

Wote wakanigeukia. Jibu lilikuwa maneno mawili tu, na mwenye jibu nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, nasikia harufu ya mafuta yake. Mpiga picha akainua kamera.

"Mimi," nikasema. "Nilitaka hivyo."

Wakapiga makofi. Yule mwanamke wa glasi alikuwa analia. Mdogo wangu akafungua aproni yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Akanishika bega kidogo, kama mtu anayepita kwenye nafasi nyembamba. "Hongera, dada," akasema, akatoka.

Sikumfuata. Nilikuwa na wageni.

Zulia likatundikwa maktaba. Katika yote yaliyoandikwa, hakuna aliyetaja Zimwi langu. Hakuna aliyetaja kisu, wala ule mwanga wa juu ambao rangi yake niliichemsha na kuimwaga na kuichemsha tena mpaka sufuria likatoboka. Macho, macho, macho. Mtaalamu akaandika kurasa na kurasa kuhusu macho, jinsi ambavyo baada ya maisha marefu ya kutazama kutoka juu nimeshuka chini nikamtazama aliyeachwa. Nilisoma nikatupa. Wamenisifia miaka mingi kwa upuuzi, nikawadharau na kulala vizuri. Safari hii walisifia kitu cha kweli, na hakikuwa changu.

Siku ya ufunguzi rasmi wakanipa kipaza sauti. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Nikasema wazi, bila salamu, "Haya macho sikuyafuma mimi wala sikuyawaza mimi. Nilichora yamefumba. Aliyeyafumbua ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, msusi wa nywele, na ile kamba pia ni yake, na siku nilipoulizwa nilidanganya."

Nikangoja wazomee, ningestahili.

Wakasimama. Ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi, na Mtaalamu akaja akanikumbatia, mashavu yamelowa, akachukua kile kipaza sauti. "Unyenyekevu gani huu!" akasema. "Msanii mkubwa kiasi hiki, na bado anawapa sifa watu wa kawaida waliomzunguka!"

"Si unyenyekevu, mpumbavu wewe," nikasema. "Ni kweli."

Wakacheka kwa mapenzi. Kipaza sauti kilikuwa kwake. Mama mmoja mstari wa mbele akamwambia mwenzake kwamba wakubwa ndivyo walivyo. Kibao kilichokwisha kupigiliwa chini ya zulia kilikuwa na jina langu kwa herufi za shaba, na walipofungua chakula nilimwona mtu anapiga nacho picha.

Nikatoka kwa miguu nikaenda saluni. Redio ilikuwa inapiga kelele, viti vyote vimejaa. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya msichana aliyesukwa nusu kichwa, na hakuacha kusuka aliponiona kwenye kioo.

"Nimeenda kuwaambia," nikasema. "Mbele ya wote."

"Nimeshasikia. Mteja alikuwa huko, ameanza kunipigia simu hata hujamaliza."

"Hawakuamini."

"Najua. Amesema umewaliza, una moyo." Akachukua fungu jingine la nywele. "Umekuja kusuka au umekuja kuongea?"

Wateja wote walikuwa wananitazama, na msaidizi wake, na yule msichana wa nusu kichwa. Siku nyingine ningewapa maneno ya kwenda nayo nyumbani.

"Kusuka," nikasema.

"Basi kaa. Kuna watu mbele yako."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono nimeilaza mapajani, mibovu, watu wakaiona. Mwanamke mwenye rasta alipita mbele yangu. Akapita mwingine aliyekuja baada yangu, akasema yeye aliweka nafasi tangu juzi, na mdogo wangu akasema ni kweli. Nikamtazama akifanya kazi. Vidole vyake vilikwenda vilevile vilivyokwenda kwenye mtande wangu miezi yote ile, na sikuwa nimewahi kuvitazama ila kutafuta kosa.

Mteja wa mwisho alipoondoka, akazima redio. Akachukua ufagio, akafagia nywele zote mpaka chini ya kiti changu, nikainua miguu. Kisha akavua aproni.

"Leo nimechoka, dada," akasema. "Njoo kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Sijui. Utakuta foleni."

Nikasema sawa. Nilimsaidia kuingiza viti ndani, kwa vifundo vya mikono kwa kuwa vidole havikukubali, naye akaniacha nisaidie. Akafunga kufuli akaenda zake, mimi nikaenda zangu.

Kesho yake nilifika kabla hajafungua mlango.